Uliza Ujibiwe: Kibarua cha Kocha Kikiota Nyasi

SWALI: Nafundisha timu ya ligi ya chini hapa Dodoma. Tumefungwa mechi tano mfululizo, sasa katibu ananitaka niandike barua ya kujiuzulu "kulinda heshima". Mkataba una miezi 7 mbele, na mishahara miwili sijalipwa. Niandike?
*Kocha, Area C*

JIBU: Mwalimu, usiandike bado, hasa ile ya "kwa hiari yangu nimeamua kuachia ngazi". Ukishaisaini, klabu haijakufukuza. Umeondoka mwenyewe, na madai ya ile miezi 7 yanakuwa magumu mno.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua kwamba mwajiri akiifanya kazi yako isivumilike, kuondoka kwako ni sawa na kuachishwa. Ila kuthibitisha ni juu yako. Kwa hiyo anza na barua ya madai: taja miezi, kiasi na siku unazowapa walipe. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, urudi nayo. Ujumbe wa katibu wa WhatsApp usiufute. Wakikaa kimya, barua ya kuondoka itaje sababu: "Nalazimika kusitisha mkataba kwa kuwa sijalipwa mshahara wa Machi na Aprili."

Wakikutupia virago wao, Kanuni za sheria hiyo za 2007 zinataka kwanza wachunguze kwa nini timu haifanyi vizuri, wakuelekeze, wakuonye, wakupe muda wa kujirekebisha, kisha wakuite kikaoni ukiwa na mfanyakazi mwenzako. Kamati kukutana usiku wa kipigo na kutoa tangazo Instagram asubuhi hakutimizi hata moja kati ya hayo.

Kilio chako kipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ambayo ina ofisi Dodoma. Unajaza Fomu Namba 1. Una siku 30 tangu kuachishwa, na ahadi za "tutakuita tuyamalize" hazisimamishi hesabu. Wengi hukwama hapo. Angalia pia muda uliotumikia: chini ya miezi 6 huwezi kudai kuachishwa isivyo halali, ila mishahara yako unaidai, ndani ya siku 60.

SWALI: Mkataba niliopewa unasema klabu itauvunja "matokeo yakiwa mabaya". Nisaini?
*Msomaji, Singida*

JIBU: Omba namba. "Mabaya" kila mjumbe ana yake. Andikeni, kwa mfano, pointi 10 katika mechi 10 za kwanza za ligi, za kirafiki zisihesabiwe, na mishahara ya miezi mingapi utalipwa ukiondolewa. Ongeza kwamba klabu ikifungiwa kusajili, lengo hilo linasitishwa. Huwezi kudaiwa mabao ya mshambuliaji ambaye hukupewa.

SWALI: Mbona wageni wakifukuzwa hulipwa kupitia FIFA, wazawa hapana?
*Shabiki, Manyoni*

JIBU: FIFA husikiliza migogoro ya makocha yenye sura ya kimataifa, yaani kocha na klabu wa nchi tofauti. Tangu 2021 kanuni zake zina sehemu ya makocha: asiyelipwa miezi miwili akatoa notisi ya maandishi ya siku 15 bila kulipwa, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Matokeo mabaya peke yake FIFA haiyakubali kwa kawaida. Klabu ikishindwa kesi, isipolipa ndani ya siku 45 huweza kufungiwa usajili hadi madirisha matatu, ndiyo maana viongozi hukimbilia kulipa. Mzawa huanzia CMA au vyombo vya soka vya ndani. Lakini Mtanzania anayefundisha Burundi, naye FIFA ni yake, mradi afungue shauri ndani ya miaka 2.