Re: Mama mdomo umeenda upande, tunasubiri presha ishuke

Mkuu wa Makambako tafuta gari SASA HIVI, hizo dalili za mama ni za kiharusi (mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka), mengine utasoma njiani. Mkono hauinuki, ulimi mzito, halafu unatuuliza ile opereshen ya kuvuta damu iliyoganda kichwani ikichukua muda mrefu ina shida gani na India ni bei gani, huku umeandika "tunasubiri presha ishuke"?? Nani kakwambia?

Mimi aliniambia jamaa wa duka la dawa kule kwetu Tukuyu. Mzee kadondosha kikombe cha chai asubuhi, jamaa kaja na koti jeupe, kapima presha iko juu, kamwekea kidonge chini ya ulimi, eti alale ikishuka atakaa sawa. Nikamwamini, koti lilikuwa limepigwa pasi bana. Presha ikashuka kweli, mkono haujarudi mpaka leo. Wodini Mbeya ndo naelezwa mshipa ukiziba mwili wenyewe unapandisha presha ili damu ipenye pembeni, ukiishusha ghafla unazidi kuua ubongo. Jamaa bado anauza dawa, na koti analo! Na hiyo aspirini msimpe, bila siti skani (picha ya ndani ya kichwa) hakuna anayejua mshipa umeziba au umepasuka, ukiwa umepasuka si mnammalizia?

Swali lako: ndiyo, muda una maana. Wanapitisha mrija mwembamba kuanzia pajani mpaka kichwani wanavuta donge, ikizidi kama lisaa matokeo huwa mabaya zaidi, na kila wakirudia kuvuta mshipa unaweza kuumia, wanaopona vizuri zaidi ni wale donge limetoka mvuto wa kwanza. Ila saa haianzi kuhesabiwa pale! Inaanza mdomo ulipoenda upande, inakadiriwa seli milioni 1.9 za ubongo zinakufa kila dakika. Sindano ya kuyeyusha donge kawaida mwisho masaa 4 na nusu, kuvuta kawaida masaa 6, tangu 2018 wengine wanafika 24 ila skani ioneshe kuna ubongo wa kuokoa. India utafika saa ngapi na pasipoti huna?

Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kama kaamka nayo basi hesabu alivyoenda kulala. Uji msimpe, atapaliwa. Pigeni simu kabisa hospitali kubwa muulize siti skani inafanya kazi leo, msizungushwe vituo vidogo kukusanya barua za rufaa. Bima ntarudi kuandika.

Mara ya mwisho kaongea vizuri saa ngapi?