Mboga za mtoto: laini, lakini zisiwe maji

SWALI: Shikamoo daktari. Mtoto wangu ana miezi sita na nusu. Nachemsha karoti, kiazi mviringo, hoho na mchicha, nasaga kwenye blenda na vikombe viwili vya maji, nachuja, kisha nampa kwa chupa ambayo tundu la chuchu nimelipanua kidogo. Anamaliza chupa nzima na analala vizuri, lakini mwezi huu kliniki wameniambia uzito haukupanda. Jirani ananishauri nimwongezee unga wa lishe wa aina kumi na mbili na juisi ya bitiruti kwa ajili ya damu. Na je, naweza kupika siku moja nikagandisha chakula cha wiki nzima? Mama wa Morogoro.

JIBU: Marahaba, mama. Kwa maelezo yako, mtoto anashiba maji. Viungo ulivyochagua havina ubaya. Kinachoharibu ni vile vikombe viwili na lile chujio, na jambo hili nakutana nalo kila siku ya kliniki: akina mama wenye bidii, wanaoamka mapema kumenya na kuchemsha, halafu hatua ya mwisho wanamwaga chakula na kubakiza rangi yake.

Piga hesabu nami. Gramu 100 za karoti iliyochemshwa zina kalori kama 35. Ukizichanganya na maji kiasi hicho hicho zinabaki 17 au 18 kwa kila gramu 100, na bado hujachuja. Maziwa yako wewe mwenyewe yana kalori kati ya 65 na 70 kwa kila mililita 100. Kwa hiyo kila mililita ya maji ya mboga inayoingia tumboni inachukua nafasi ya maziwa yaliyo bora kuliko yenyewe karibu mara nne. Tumbo la mtoto wa umri huu hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 7 anajaa kwa mililita 210, yaani hafikishi hata kikombe kimoja cha mililita 250. Ukilijaza maji analala, ndiyo, kwa sababu limejaa. Kisha ziwa analikataa, na mizani inakuambia ukweli.

Kati ya miezi 6 na 8 mtoto anayenyonya vizuri anahitaji kalori zipatazo 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, juu ya maziwa. Hazipatikani kwa maji ya mboga hata ukimpa chupa tano.

Kulainisha chakula si kukiongezea maji. Chakula huwa laini kwa kuiva na kupondwa. Kipimo ni kijiko: chota, kiinamishe. Chakula kikishikilia kidogo halafu kikadondoka kama fungu, kiko sawa. Kikitiririka, ni chepesi. Usiogope kwamba kizito kitampalia. Mtoto aliyekaa wima, kichwa kimesimama, anapewa nusu kijiko cha chai kwa wakati, hukimudu. Mwanzoni atakisukuma nje kwa ulimi na kukunja uso. Huko si kukataa, ulimi wake bado unajifunza kurudisha chakula nyuma. Chakula kimoja huenda ukakirudia mara 8 hadi 10, kwa siku tofauti, ndipo akipokee.

Na hiyo chupa iweke kando leo. Chuchu iliyotobolewa humwagia mtoto chakula kooni kabla hajajiandaa kumeza, na hapo ndipo kupaliwa kulipo hasa. Mabaki ya kiazi hukwama ndani ya chuchu, brashi haifiki, na kuhara huanzia humo. Tena hafundishiki kutafuna. Kufikia miezi 9 hadi 10 anapaswa awe anakula chakula chenye vibonge vidogo laini, na watoto wanaocheleweshwa hapo ndio wanaosumbua kula baadaye. Kibakuli na kijiko vinatosha.

Sasa tupike. Chukua kiazi kitamu kimoja cha rangi ya chungwa, kile tunachokiita kiazi lishe (Kabode au Ejumula, vyote vizuri), ukubwa wa ngumi yako, kama gramu 150. Kiazi mviringo, ndizi mbichi au boga pia vinafaa, ila boga lina maji mengi, kwa hiyo lisiende peke yake. Menya, kata vipande vya sentimita 2 ili viive pamoja. Weka maji yafike nusu ya kimo cha vipande, si kuvifunika, funika sufuria na acha moto wa wastani dakika 15. Kisha tia kijiko kimoja cha chakula cha dagaa waliotolewa vichwa, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa hadi kuwa unga, au vijiko viwili vya maharage yaliyoiva. Mwisho kabisa tia mchicha kiganja kimoja, dakika 3 hadi 5 tu. Mchicha uoshe jani kwa jani kabla ya kukata, ukioshwa baada ya kukatwa virutubisho vinakwenda na maji. Ondoa mashina magumu, na katakata majani membamba kabisa wakati bado mabichi, kwa maana yakishaiva nyuzi zake hujinyonganyonga na ndizo zinazomfanya mtoto atapike.

Sufuria ikibaki na supu ya vijiko vitatu vinne, usiimwage. Ponda humo humo kikiwa cha moto, kwa mwiko au uma. Kiazi usikitie kwenye blenda: visu hupasua wanga wake na kinakuwa kama gundi, ndipo mtu analazimika kuongeza maji tena. Kama ni maharage au njegere, yasukume kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Hapo unatupa maganda na kubakiza nyama yake, kinyume cha ulivyokuwa ukifanya. Malizia kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti, au vijiko viwili vya tui zito, au kipande cha parachichi. Watu wengi wanayaogopa mafuta kwa mtoto. Kijiko hicho kimoja kina kalori kama 40, na bila mafuta ile rangi ya chungwa ya kiazi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, sehemu kubwa inapita bila kufyonzwa. Kikizidi kuwa kizito, kamua maziwa yako vijiko viwili ulegezee. Chumvi na sukari hapana. Asali hapana hadi atimize mwaka, kwa sababu ya vijidudu vya botulizimu.

Mlo mmoja uanze na vijiko 2 hadi 3 vya chakula, mara 2 au 3 kwa siku, upande taratibu hadi nusu kikombe. Baada ya mlo mpe vijiko viwili vya papai lililopondwa: vitamini C yake huusaidia mwili kufyonza madini chuma ya mchicha na maharage. Maini yanafaa sana, lakini mara moja kwa wiki, maana yana vitamini A nyingi kupita kiasi. Kisamvu kinahitaji kutwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu ili sumu ya sianidi itoke, usikifanyie haraka ya mchicha. Na ukiona viganja na pua vimekuwa vya njano kwa ajili ya karoti na boga, haina madhara, mradi weupe wa macho ubaki mweupe. Macho yakiwa njano, nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Kuhusu kugandisha: viazi, boga na maharage yaliyopondwa, ndiyo. Poza haraka kwa kuweka sufuria kwenye beseni la maji baridi, gawa kwenye trei ya barafu (shimo moja ni kama vijiko viwili vya chakula), ingiza kwenye friza ndani ya saa moja. Kinakaa hadi mwezi. Kwenye friji ya kawaida, siku moja. Kiyeyushie ndani ya friji, si mezani, kipashe hadi kitokote, mara moja tu, na kilichoguswa na kijiko chenye mate hakirudi. Umeme ukikatika na ukakuta vimeyeyuka, usigandishe tena. Majani mabichi kama mchicha na matembele yapike kila siku. Yana nitrati, na yakilala yakiwa yamepikwa bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo huifanya damu ya mtoto mchanga ishindwe kubeba oksijeni.

Nije kwa jirani yako, maana ushauri wake unazunguka nchi nzima. Juisi ya bitiruti inapewa sifa ya damu kwa sababu ni nyekundu. Bitiruti yenyewe, nzima, ina madini chuma chini ya miligramu 1 kwa gramu 100, na mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji takriban miligramu 11 kwa siku. Rozela iliyochemshwa na sukari ni hivyo hivyo. Kinachonisikitisha ni muda unaopotea. Damu hupungua kwa malaria, kwa selimundu (sikoseli), kwa chakula duni, na kila moja ina matibabu yake. Upungufu unapimwa kwa tone la damu kituoni. Nimeona watoto wakinyweshwa juisi wiki tatu huku malaria ikiwamaliza, na aliyewauzia juisi hakuwauliza hata kama wana homa. Mtoto wako apimwe damu na malaria wiki hii, na kadi yake uende nayo.

Unga wa aina kumi na mbili ni kosa lile lile la chujio, limegeuzwa tu. Mahindi, mchele, mtama, ulezi na ngano ni kundi moja la chakula. Kuvichanganya vyote vitano hakukupi vitu vitano, kunakupa wanga. Kisha soya inatiwa mbichi au imekaangwa nusu, ilhali ina vizuizi vinavyoukwamisha mwili kumeng'enya protini, hivyo inapaswa kuchemshwa dakika kama 30, ikaushwe, ndipo isagwe. Mtoto anajaa gesi na kuhara, mama anaambiwa "tumbo linazoea". Karanga zikisagwa pamoja na nafaka, mafuta yake huchacha ndani ya wiki chache, na unga wote unaharibika nayo.

La hatari kuliko yote ni sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu. Kuvu hii hupenda mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, sumu yake haionekani nafaka ikishasagwa, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa kati ya maeneo yaliyoumia zaidi, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Mwaka 2016 ikaua Dodoma na Manyara. Kiwango kidogo hakiui papo hapo, lakini kinalidhuru ini taratibu, na mtoto anayekula uji huo kila siku ndiye anayebeba dozi kubwa kwa kilo yake.

Ukitaka uji, saga nafaka moja, mahindi yaliyochambuliwa punje kwa punje au ulezi, kilo moja kwa wakati, uishe kabla hujasaga mwingine. Dagaa, karanga au maharage yaandae peke yake na uyaongeze kwenye sufuria siku ya kupika. Ukiona uji mzito unamshinda, usiongeze maji: acha upoe kidogo, koroga kijiko cha chai cha unga wa kimea cha ulezi, utalegea wenyewe ndani ya dakika chache, kisha uchemshe tena.

Na yeyote anayekuuzia pakiti ya lishe, sokoni au kwa simu, muulize soya iliandaliwaje, karanga zilichambuliwa na nani, na unga ulisagwa tarehe ngapi. Asiyeweza kujibu mrudishie pakiti yake, hata kama ina picha ya mtoto mnene.