Kabla hujamlaumu kompaila, soma baiti

Programu ya risiti za SACCO inachapa "UGX" (kifupi cha shilingi ya Uganda) vizuri ukiikompaili, yaani ukiugeuza msimbo wa C kuwa programu, kwa -O0 (bila uboreshaji), ila kwa -O2 (yenye uboreshaji mwingi) inatoa takataka. Tofauti hiyo peke yake haithibitishi kwamba kompaila ina kosa. Mara nyingi kosa ni letu. Mfano, `char sarafu[3] = "UGX";` inakubalika katika C, lakini hakuna nafasi ya baiti ya sifuri inayofunga maandishi, hivyo printf ikipewa %s inaendelea kusoma chochote kilicho mbele. Andika `sarafu[]` upate baiti 4. Kulinganisha maandishi kwa == nako hulinganisha anwani, si herufi. Kwa hiyo kwanza kompaili kwa -Wall -Wextra -fsanitize=address,undefined (sanitaiza, yaani vikaguzi vinavyonasa makosa programu inapoendeshwa), usafishe kila onyo.

Tatizo likibaki, endesha `objdump -s risiti.o`, inayoonyesha baiti za faili lililokompailiwa, utafute 55 47 58 00, yaani U, G, X na sifuri. Usipoziona, usishangilie mapema! GCC, kompaila tunayotumia hapa, ikiboresha, maandishi mafupi huweza kuingizwa ndani ya agizo lenyewe kama namba. Kwenye x86 (aina ya prosesa), katika faili la maagizo linalotolewa na `gcc -O2 -S`, UGX inaweza kuonekana kama $5785429, yaani baiti hizo hizo zikisomwa kama namba moja. Hapo ndipo wengi hupotea. Baiti zikiwa mbovu, shuku hesabu inayofanywa wakati wa kukompaili. Zikiwa sahihi, kagua anwani na urefu ambao maagizo yanatumia. Jaribu pia -fno-builtin, inayoizuia GCC kubadilisha miito ya maktaba kwa njia yake: hitilafu ikitoweka, kagua kwanza mahali strlen (hupima urefu) au memcpy (hunakili baiti) ilipogeuzwa kuwa jibu tayari.

Kisha punguza faili kwa cvise, zana inayofupisha msimbo huku hitilafu ikibaki. Skripti yake ya majaribio irudishe 0 pale tu hitilafu ipo na sanitaiza zimenyamaza, la sivyo itakukabidhi msimbo mfupi wenye kosa jingine kabisa. Linganisha na Clang (kompaila nyingine) na toleo jingine la GCC.

Ripoti kwa GCC inahitaji matokeo ya `gcc -v`, amri nzima uliyotumia, na faili la .i (msimbo baada ya hatua ya awali ya kukompaili) linalotolewa na -save-temps. Faili likiwa la mistari michache, hata bando dogo la Kampala linatosha kulituma, na msanidi atalisoma.

Wakati mnasubiri jibu, shusha faili hilo moja tu hadi -O1 katika Makefile (faili la maelekezo ya kukompaili), ukajaribu risiti upya. Andika kando yake toleo la kompaila, ili atakayekuja ajue lini aiondoe -O1 hiyo.