Mvinyo mwekundu nao hutiwa baridi?

SWALI: Shikamoo mama. Mie ni mhudumu wa hoteli Paje. Juzi mgeni Mfaransa aliagiza Morgon, mvinyo mwekundu wa zabibu za gamay. Nikamtolea chupa rafuni kama tulivyofunzwa. Akaonja, akaomba ndoo ya barafu. Mkubwa wangu anasema mgeni yule hajui kunywa. Kweli?
Mhudumu, Paje

JIBU: Marahaba mwanangu. Mgeni wako anajua sana. Hiyo kanuni ya kunywa mwekundu bila kuupoza ilitoka kwenye nyumba za baridi za Ulaya. Kwa joto la nyuzi 30 la baa zetu, pombe ndiyo inayokupanda puani, tunda hulisikii. Gamay inataka nyuzi 13 au 14. Itie kwenye barafu iliyochanganywa na maji kwa robo saa, kisha itoe.

Mwekundu mzito ukiupoza hivyo, ukakasi huzidi, kinywa kikafunga kama umetafuna bibo bichi. Gamay ina ukakasi mdogo, na sababu mojawapo ni utengenezaji wake wa asili. Kule Beaujolais inakotoka Morgon, kaskazini ya Lyon, Ufaransa, vishada hutiwa pipani vizima, havipondwi. Vya chini hupasuka kwa uzito wa vya juu, maji yake yakaanza kuchacha, hewa ya ukaa ikajaa pipa. Basi zile zabibu zilizobaki nzima huanza kuchacha humo humo ndani ya maganda yake. Rangi na harufu hutoka mapema. Ukali wa ganda na kokwa hautoki sana.

Wanaoidharau hawakuanza leo. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philip the Bold, aliamuru migamay ing'olewe. Huniuma kila nikikumbuka.

Mara ya kwanza kuonja Fleurie, jirani yake Morgon, nilikuwa mhudumu mpya Shangani. Wakubwa walitaja cheri na rasiberi, matunda nisiyowahi kuyatia mdomoni. Nikaandika daftarini: zambarau mbivu, mwisho uchachu wa ubuyu. Mpaka leo nawaambia wageni hivyo hivyo, na wananielewa. Morgon yako ni nzito zaidi kuliko Fleurie, hukaa miaka chupani; si kama ile Beaujolais changa inayotolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba, ambayo ni ya kunywa mapema.

Akirudi, mpelekee na jodari wa kuchoma, chumvi na ndimu tu. Pilipili iweke kando.