Dawa ya chupa haizibi oili ya MGB

Swali: Fundi, salaam. Nina MGB ya 1963, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, injini yake ni ya asili. Gari ikilala, asubuhi nakuta doa la oili chini, usawa wa pale injini inapoungana na giaboksi. Fundi mmoja kaniambia nimimine dawa ya kuzuia kuvuja, mwingine anataka ashushe injini aipake silikoni kila mahali. Nimfuate yupi?

Jibu: Usimfuate hata mmoja, ndugu yangu. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara chupa ya dawa imeshafika kabla yangu.

Dawa hizo kazi yake ni moja: kulainisha mpira wa oili sili (pete inayozuia oili isitoke) uliokakamaa na kuuvimbisha kidogo. Injini yako ni ile ya beringi kuu tatu, iliyofungwa kwenye MGB mpaka 1964, na nyuma ya krenki yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, hakuna oili sili ya mpira. Pana mfereji uliochongwa kwa kuzunguka, mithili ya nyuzi za boliti. Krenki inapozunguka, mfereji huo unairudisha oili ndani. Sasa dawa itavimbisha nini? Ukizima injini mfereji nao unaacha kazi, kwa hiyo matone machache baada ya safari ndivyo injini hiyo ilivyoundwa.

Yakizidi, anza na pumzi ya injini. Moshi unaopenya kwenye ringi za pistoni lazima upate pa kutokea. Kwenye kifuniko cha mbele cha tapeti (visukuma valvu), ubavuni, kuna kikopo chenye wavu wa waya ndani yake. Kikijaa tope la oili, presha inapanda na oili inatafuta upenyo wowote, ule wa nyuma ukiwa rahisi kuliko yote. Kitoe, kiloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha, kipulize mpaka upepo upite bila kuzuiwa.

Ukiwa hapo hapo, kagua gasketi za koki (gome laini kama la kizibo cha chupa) za vifuniko vyote viwili vya tapeti, cha mbele na cha nyuma. Kila kimoja kinashikwa na boliti moja tu ya katikati. Fundi mwenye haraka akiikaza kwa nguvu zote, bati linapinda na koki inaminywa hadi nje. Oili ya hapo inateremka nyuma ya manifoldi ya ekzosi na kuja kudondokea pale pale unapoona doa. Injini ngapi zimeshushwa bure kwa ajili ya gasketi ya namna hii!

Jambo jingine: giaboksi yako inatumia oili ileile ya injini, kwa hiyo rangi na harufu havitakuambia tone ni la nani. Pima kijiti cha injini, pima na cha giaboksi, uone kipi kinashuka.

Ila silikoni ndiyo inayonitia uchungu kuliko dawa. Niliwahi kufungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ya gari la michezo la zamani iliyopakwa silikoni nene kama dawa ya meno. Iliyobanwa nje ilionekana nadhifu. Iliyobanwa ndani ilikuwa imekatika vipande, vikanasa kwenye chujio la pampu ya oili. Beringi zilikuwa na mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha. Mwenye gari aliogopa doa la sakafuni, akapoteza krenki. Kwa injini yoyote, iwe ya MGB au nyingine, uso wa chuma usafishwe, unyooshwe, uwekewe gasketi mpya. Silikoni, kama kitabu cha gari kinaitaka, ni utando mwembamba kwenye kona.

Anayetaka kushusha injini yako, kwanza aioshe, aikaushe, aiendeshe dakika ishirini, kisha akuonyeshe kwa tochi tone linapoanzia. Akishindwa, usimpe ufunguo.