Mama aliyemtelekeza Dongbaek: tumhukumu kwa lipi?

SWALI: Shikamoo dada mwandishi. Mimi na wifi yangu tunafuatilia tamthilia ya Korea Kusini iitwayo When the Camellia Blooms, na tangu mama yake Dongbaek alipojitokeza tena, sebuleni kwetu hakuna amani. Wifi anasema mwanamke aliyemwacha mtoto wa miaka 7 kwenye kituo cha yatima hastahili kupewa hata maji ya kunywa. Mimi nililia iliposomwa barua yake, nikasema yamekwisha, asamehewe. Tuamulie. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa faida ya wasioiona, tamthilia hii ilirushwa na kituo cha KBS2 kuanzia Septemba hadi Novemba 2019, na mwaka uliofuata ikanyakua tuzo kuu ya televisheni katika tuzo za Baeksang. Dongbaek, anayeigizwa na Gong Hyo-jin, anamlea mwanawe Pil-gu peke yake na kuendesha baa ndogo katika mji wa kubuni uitwao Ongsan. Mama yake, Jung-sook, anayeigizwa na Lee Jung-eun, anarudi akiwa mtu mzima sana na kujifanya amepatwa na ugonjwa wa kusahau, kumbe akili zake ni timamu na kinachomsumbua ni figo.

Ugomvi wenu hauishi kwa sababu kila mmoja anahukumu kesi yake. Wewe unaihukumu siku ile aliyomwacha mtoto mlangoni mwa kituo, na wifi yako anaihukumu miaka yote iliyofuata, ilhali nyote wawili mnadhani mnazungumzia kosa moja.

Kwa siku ile, mimi niko upande wako. Jung-sook alikuwa amemkimbia mume mpigaji, hana pa kulala, hana cha kumlisha mtoto, na kazi aliyoipata haikuwa ya mahali pa kulelea binti. Ukikokotoa umri wa Dongbaek utaona kwamba mambo haya yanatokea mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati sheria ya Korea Kusini ilikuwa bado inaihesabu familia kwa jina la mwanamume aliye mkuu wa kaya, na mtoto aliandikwa katika daftari la ukoo wa baba hata kama wazazi wameachana. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 2008. Kwa hiyo mwanamke aliyetoroka na mtoto hakuwa na sheria ya kuegemea, na si ajabu kwamba watoto wengi waliolelewa katika vituo vya nchi ile hawakuwa yatima hata kidogo, bali walikuwa na mzazi hai aliyeshindwa. Nami naona ajabu kwamba katika ugomvi wenu wote, kwa jinsi ulivyousimulia, hakuna aliyemtaja baba. Yule aliyeinua mkono ndiye aliyewafukuza wote wawili nyumbani, lakini kwa kuwa haonekani sana kwenye skrini, hata hasira zetu hazimfikii.

Miaka iliyofuata ni habari nyingine, na hapo wifi yako ana hoja ambayo machozi yako hayaijibu. Katika ile barua, Jung-sook anamwambia mwanawe kwamba hakumpenda kwa miaka 7 na miezi 3 waliyokaa pamoja tu, bali kwa miaka yote 34 bila kuruka hata siku moja. Ni maneno mazuri, na mwigizaji yule anajua kuyabeba. Lakini hebu yasikilize kwa masikio ya Dongbaek, ambaye katika miaka hiyo hakuona hata dalili ya upendo huo: alikua akiamini kwamba yeye ni mtu wa kuachwa, akawa anatembea ameinamisha kichwa na kuomba radhi hata pale alipodhulumiwa. Upendo ambao mpendwa hakuambiwa unaweza kumfariji anayependa, ila haumlei mtoto. Hilo ndilo analopaswa kulijibu mama huyu, na kusema kweli watunzi hawakumbana vya kutosha. Walimpa ugonjwa, wakampa bima ya maisha aliyotaka imwachie binti yake kitu, kisha wakatuletea barua. Katika mpangilio huo, mtazamaji asiyelia ataonekana hana moyo.

Mahali ambapo tamthilia inasema kweli kuliko barua ni pale Dongbaek anapomchukua mama yake kwenda kula nyama, anamlisha vizuri, kisha anamwambia waziwazi kwamba sasa ni zamu yake kumwacha. Tazameni tena sehemu hiyo mkiwa pamoja. Utaona kwamba hasira na mapenzi vimeketi meza moja, naye binti hajaamua ni kipi kinyanyuke kwanza. Baadaye anabadili nia, na ana haki ya kubadili, kwa kuwa kesi ni yake. Angalikataa kumpokea mama yule hadi mwisho, nisingemlaumu; na ninyi pia msingepaswa kumlaumu, hata kama mwisho wa namna hiyo usingependeza.

SWALI: Mwandishi, nimesikia kwamba huko Korea mzazi aliyemtoroka mtoto anaweza kurudi kudai mirathi yake mtoto akifa. Ni kweli, au ni chumvi za tamthilia? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ilikuwa kweli kabisa. Mwimbaji Goo Hara wa kundi la Kara alifariki tarehe 24 Novemba 2019, siku tatu tu baada ya sehemu ya mwisho ya tamthilia tuliyoizungumzia hapo juu kurushwa. Mama yake, aliyeondoka Hara akiwa bado mtoto mdogo, alijitokeza kudai nusu ya mali, na sheria ilikuwa upande wake, kwa sababu mtu asiye na mume wala mtoto alirithiwa na wazazi wake bila kuulizwa nani alilea. Kaka wa marehemu aliandika maombi kwa Bunge. Mwaka 2020 mahakama ilimpunguzia mama yule hadi asilimia 40, na Agosti 2024 Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya madai, yaliyopangwa kuanza kutumika Januari 2026, yanayoruhusu mahakama kumnyima urithi mzazi aliyekiuka vibaya wajibu wake wa kulea. Jung-sook wa kwenye tamthilia alirudi ili amwachie binti yake kitu, si ili achukue. Pengine ndiyo maana ni rahisi kumwonea huruma.

SWALI: Dada, mimi nafanya kazi za ndani huku Muscat, na mwanangu wa miaka 5 yuko Tanga kwa bibi yake. Niliitazama tamthilia hii usiku kwa simu, nikajiona. Nami nimemtelekeza? – Msomaji, Muscat

JIBU: Hapana, mama. Mwanao anajua jina lako, anajua uko wapi na unafanya nini, analala kwa mtu anayempenda, na sare zake za shule zinatoka mkononi mwako. Dongbaek hakuwa na hata kimoja katika hivyo. Usikubali jirani akuite mtoro kwa sababu ya tamthilia.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo Jung-sook alilikosa na wewe bado unaliweza, nalo ni kumpa mtoto maelezo ambayo hatahitaji kuyabuni mwenyewe. Mtoto wa miaka 5 asipoambiwa kwa nini mama hayupo, hujijibu kwamba yeye ndiye mkosaji. Usimwambie bibi amdanganye kuwa unarudi wiki ijayo. Mkataba ukiwa wa miaka 2, mwambie ni miaka 2, na bibi amwonyeshe kwa kalenda au kwa sikukuu, kwamba Idi hii mama hayupo, na ile nyingine hayupo, halafu anakuja. Akikataa kuongea nawe kwenye simu, msimlazimishe wala msimwite hana adabu; mwambie umesikia kwamba amekasirika, kisha piga tena siku na saa ileile uliyozoea.