Chapa za Hataza kwenye Visu vya Kukunja: Kwa Anayeanza Kazi ya Vitu vya Kale Lamu

Wewe uliyeanza juzi kukaa dukani, unayepokea vitu vya kale na kuviandikia vibandiko, nakuandikia kuhusu maandishi madogo yaliyopigwa kwenye visu vya kukunja. Hapa Lamu visu hivi havikosi. Vimeingia na mabaharia, na maafisa wa serikali ya kikoloni, na wazungu waliokuja kupumzika Shela. Vingine vimelala makashani pamoja na funguo ambazo milango yake ilishavunjwa zamani. Mteja akikishika swali ni lile lile: cha mwaka gani? Na muuzaji asiyeijua kazi huchungulia chapa, akiona 1891 hujibu 1891.

Usijibu hivyo. Hataza ("patent", hufupishwa "Pat.") ni haki anayopewa mbunifu juu ya ubunifu wake, na tarehe yake inakupa mpaka wa chini tu: kisu hakiwezi kuwa kikongwe kuliko hataza iliyopigwa juu yake. Kuwa kichanga zaidi kinaweza, tena kwa miaka mingi. Hataza ya Marekani, tangu 1861, ilidumu miaka 17 baada ya kutolewa, na kiwanda kilichokwisha kuchonga muhuri wake wa chuma hakikulazimika kuutupa siku haki ilipokwisha. Kwa hiyo kwenye kibandiko andika "si kabla ya 1891". Zikiwapo tarehe kadhaa, ya mwisho ndiyo inayohesabiwa.

Kabla ya kusoma, zuia mkono. Kwetu pwani mtu akiona chuma kichafu hukimbilia ndimu au ukwaju, maana ndivyo tunavyong'arisha sinia na dele za kahawa. Shaba inastahimili. Chuma cha pua cha visu vya zamani, kile kinachoshika kutu, hakistahimili: asidi hukila, huacha madoa meusi, na herufi zilizobaki na kina cha unywele hupotea nayo. Msasa usiutaje kabisa. Tia tone la mafuta ya cherehani, kiache kisu usiku kucha, kisha toa uchafu kwa kijiti cha meno na kipande cha kanga kuukuu. Ukishapangusa, zima taa ya dari, laza tochi ya simu karibu sambamba na chuma, ukizungushe kisu polepole. Mwanga wa juu hufuta herufi. Mwanga wa ubavuni huzipa vivuli, na neno ambalo hukuliona asubuhi nzima hujitokeza. Piga picha kutoka pande zote nne, kwa sababu herufi moja huonekana ukiwa upande huu na ya pili ukiwa upande ule. Lenzi ya fundi saa inasaidia, ila bila mwanga wa ubavuni itakukuzia uchafu tu.

Chapa nyingi ziko kwenye shingo ya ubapa, pale pafupi pasipo na makali karibu na ribiti ya kukunjia. Geuza upande wa pili pia, maana mara nyingi jina la kiwanda liko huku na namba iko kule. Fungua pia ubapa mdogo, tazama mgongo wa springi, na umulike ndani ya mpini kwenye bati la pembeni.

Sasa umepata namba. Usikimbilie kuitafuta. Kwanza jiulize ni ya nchi gani, kwa sababu kila nchi ilihesabu kwa mtindo wake, na namba isiyo na nchi haikusaidii kitu.

Wamarekani ndio wepesi. Namba zao zilianza na 1 mwaka 1836 na hazijakatika. Mwaka 1900 ulifunguliwa na 640,167. Mwaka 1910 na 945,010. Mwaka 1920 na 1,326,899. Mwaka 1930 na 1,742,181. Ziandike nyuma ya daftari lako la mauzo na utakuwa na kalenda nzima. Kabla ya 1927 sheria yao ilitosheka na tarehe, kwa hiyo visu vya zamani zaidi vina siku, mwezi na mwaka bila namba. Hapo kuna hila moja naipenda sana: hataza za Marekani hutolewa Jumanne, na ndivyo ilivyokuwa tangu karne ya 19. Ukisoma 3 Desemba 1891, tafuta kalenda ya mwaka ule. Ilikuwa Alhamisi. Rudi kwenye chuma, hiyo 3 huenda ni 8 iliyolika upande, maana tarehe 8 ndiyo ilikuwa Jumanne. Kutu hupenda kugeuza 8 kuwa 3 na 6 kuwa 0.

Waingereza wana mtego. Kuanzia 1852 hadi 1915 waliziacha namba zianze upya kila mwaka, kwa hiyo namba 5124 ipo ya 1897, ipo ya 1898, na ya miaka mingine mingi. Mfululizo mmoja usiokatika ulianza 1916, tena ukaanzia 100,001. Kisu cha Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, chenye namba fupi bila mwaka hakijakwambia lolote mpaka uupate mwaka. Halafu kuna "Rd. No.", ambayo si hataza, ni usajili wa umbo au pambo. Namba hizo zilianza na 1 mwaka 1884, na zilipofika 1900 zilikuwa 351,202. Kabla yake, 1842 hadi 1883, walipiga alama ya almasi yenye herufi pembeni, na kwenye kitu cha chuma juu kabisa pana I ya Kirumi. Ukikuta almasi yenye IV, hiyo ni ya vyombo vya udongo, na mtu ameunganisha vitu viwili.

Wajerumani nitakaa nao kidogo, kwa sababu hapa Lamu wana hadithi zao. D.R.P. ni hataza ya dola yao, iliyoanza 1877. D.R.G.M. ni ulinzi mdogo zaidi, wa miaka mitatu unaoongezwa hadi sita, na sheria yake ni ya 1891, ikaanza kutumika Oktoba mwaka huo. Kila moja ina mfululizo wake wa namba, na ukiichukua namba ya D.R.G.M. ukaitafuta kwenye hataza utaletewa mashine ya kusaga nyama. Namba za D.R.P. hazikufika 800,000, za Ujerumani Magharibi baada ya vita ndizo zilizoanzia 800,001. Kwa hiyo namba ya Kijerumani ya kabla ya vita iliyovuka milioni ni ya D.R.G.M., hata kama herufi zimefutika.

Kuna mzee mmoja wa Mkomani aliniletea kisu kizuri cha Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, mpini wa pembe ya paa, springi bado inalia.

"Hiki cha Posta ya Wajerumani," akaniambia. "Babu alipewa na karani wao."

Posta ile ilifunguliwa hapa 1888, na mwaka 1891, mwezi wa Machi, ikafungwa. Nikamulika shingo ya ubapa: D.R.G.M.

"Ami, kisu ni kizuri sana. Lakini chapa hii ilikuwa haijazaliwa wakati posta inafungwa."

Akakitazama, akacheka. "Basi karani alirudi kukileta."

Na huenda kweli Mjerumani mwingine alikileta baadaye; walikuwapo. Kwenye kibandiko niliandika mistari miwili: chapa inasema si kabla ya Oktoba 1891, familia inasema kimetoka kwa Mjerumani aliyekuwa Lamu. Usilifute neno la mwenye kitu kwa sababu chapa imelipinga, wala usiliandike kana kwamba ni chapa. Mnunuzi mwenye akili atalipia yote mawili, na mzee hatavunjiwa heshima mbele ya watu.

Wafaransa wapite haraka. "Breveté S.G.D.G." maana yake hataza imetolewa bila dhamana ya serikali, yaani serikali haiapi kwamba kitu kinafanya kazi. Maneno hayo yalitumika tangu 1844 hadi 1968, muda mpana mno kukusaidia. Kwao utazame muundo. Kisu cha kiwanda cha Opinel chenye pete ya kufungia ubapa hakiwezi kuwa cha kabla ya 1955, muuzaji aape asiape.

Yapo maandishi yanayofanana na hataza na siyo. "Reg. U.S. Pat. Off." humbabaisha karibu kila mgeni: hilo ni jina la biashara lililosajiliwa kwenye ofisi ya hataza, halihusu ubunifu wowote. "Pat. Pending" ni ombi ambalo bado halijajibiwa. Mshale mfupi wenye vidole vitatu kama unyayo wa kuku ni mali ya serikali ya Uingereza, na kwenye visu vya jeshi mara nyingi una mwaka pembeni. Huo mwaka, tofauti na wa hataza, unahusu kisu chenyewe. Namba ya tarakimu tatu au nne bila neno lolote kwa kawaida ni namba ya mfano ya kiwanda. Na neno GERMANY kwa Kiingereza si chapa ya hataza, ila lina faida yake: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa za nje kutajwa nchi zao kuanzia Machi 1891, na Uingereza ilikuwa na sheria yake ya alama za bidhaa tangu 1887. Kisu cha Solingen kinachojitaja kwa Kiingereza kilitengenezwa kwa soko la nje.

Ukishajua nchi, ingia kwenye hazina ya hataza. Google Patents inatosha kwa Marekani. Kwa Ulaya tumia Espacenet, ya bure pia. Hataza ya Uingereza ya kabla ya 1916 huandikwa GB, kisha mwaka, kisha namba iliyojazwa sifuri mpaka tarakimu tano, na A mwishoni: ile 5124 ya 1897 inakuwa GB189705124A. Kama mwaka hukuupata, jaribu mmoja baada ya mwingine. Kazi ya kuchosha, lakini intaneti ya hapa jioni ikitulia inafanyika. Usitegemee kutafuta kwa maneno, maana karatasi zile zilisomwa na mashine na nusu ya herufi zimeharibika. Tafuta kwa kundi, yaani alama ambayo ofisi za hataza huipa kila aina ya kitu: visu vya mfukoni viko B26B 1, na vyenye kizibuo au vifaa vingine viko B26B 11. Weka kundi, weka miaka, upitie michoro.

Mchoro ndio shahidi. Namba ikikuletea springi ya kufungia ubapa na kisu chako hakina springi hiyo, umesoma vibaya au umekosea nchi. Weka kisu kando ya skrini, fungua ubapa kwa pembe ile ile ya mchoro, linganisha tundu kwa tundu. Usishtuke jina la mbunifu likiwa tofauti na la kiwanda. Wabunifu waliuza haki zao. Angalia pia hataza inadai nini. Mara nyingi inahusu kizibuo tu au namna ya kubana mpini, na ubapa ulio mbele yako huenda umebadilishwa mara mbili tangu hapo.

Haya yote yanagusa sheria. Sheria yetu ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nchini kunataka kibali. Mgeni akitaka kuondoka na kisu, chapa inaweza kukusaidia upande mmoja. Namba ya hataza ya Marekani kuanzia 640,167 inathibitisha kwamba kisu hakikuwako kabla ya 1895, basi. Lakini D.R.P. au almasi ya Waingereza haithibitishi kwamba kilifika mapema. Kinaweza kuwa kimeshuka melini 1920. Ukiwa na shaka, kipeleke Makumbusho ya Lamu pale ufukweni kabla hujapokea pesa.

Na mipini ya ndovu ni habari nyingine kabisa. Sheffield ilinunua pembe kwa wingi, kiwanda cha Joseph Rodgers mbele ya wengine, na sehemu ya pembe hizo ilipita Unguja. Mulika kichwa cha mpini: mistari myembamba inayokatana ni pembe ya ndovu, vitundu vidogo vyeusi ni mfupa, na harufu ya kafuri ukiusugua mpaka upate joto ni seluloidi. Ikiwa ni ndovu, sheria ya wanyamapori ya 2013 haiulizi hataza ni ya mwaka gani: kuuza, au hata kukaa nacho bila kibali, ni kosa. Mrudishie mwenyewe siku hiyo hiyo, hata kama nyota na msalaba wa Rodgers vinasomeka bila lenzi.